Fimbo Haikugonga Kitu

Saa tisa usiku Thembo alitoka kukojoa,
akarudi na neno moja: "Imekaa."
Siku tatu hewa ilibadili nia, mvua, chembe, tena mvua,
kisha theluji nene, bila upepo,
juu ya barafu kuukuu iliyolainika kama sahani ya bati.

Mgeni alikwisha kufunga kucha za chuma viatuni.
Amelipa. Picha ya kilele anayo kwenye simu
tangu kabla mwanawe hajazaliwa, alisema.
Nikachukua fimbo ya baba,
aliyochokorea mashimo ya fuko kule Ibanda,
nikaichomeka mteremkoni.

Kiganja cha kwanza: unga wa muhogo.
Cha pili: ukoko.
Cha tatu, fimbo haikugonga kitu,
ilizama kama mguu unaotafuta ngazi gizani.
Nikasogea hatua. Theluji ikashusha pumzi, huff,
na ufa mwembamba ukatambaa kutoka kiatuni mwangu
hadi pale taa ilipoishia.

Wazee wetu hawakupanda huku.
Nzururu ni ya Kitasamba, walisema,
wakaitazama kutoka migombani, wakaendelea kupalilia.
Mimi nimesomea kamba na mafundo, nina cheti chenye muhuri,
lakini ule ufa ulinisemesha kwa lugha ya nyumbani.

"Turudi."
"Kwa nini? Haijaporomoka."
"Ndiyo sababu."

Alikaa juu ya jiwe, kanipa mgongo.
Saa nne ukungu ukafunguka: mteremko mzima,
mweupe, mtulivu,
haukudondosha hata tonge.
Saa sita, vilevile.
Thembo akachemsha chai, akaepuka macho yangu.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, nilitaka kusema,
ila mshindo haukuja,
na methali bila mshindo ni deni bila shahidi.

Tulishuka. Tope la Bujuku lilitumeza hadi magotini,
hakuna aliyecheka aliyeanguka.
Getini Nyakalengija alinipa mkono, na bahashishi nusu,
akaihesabu mbele yangu.

"Umefika juu?" Ithungu aliuliza.
"Nimefika chini."
Akanimegea bundu, ya moto, bila kuuliza tena.

Usiku ule Mubuku ulinguruma.
Maji, au mawe, au ile niliyoiacha pale juu?
Nikaenda dirishani pekupeku.
Mawingu tu.
Sijui hata leo.