Daftari la Ngao

Ngao ni moja. Tuko thelathini na wanne.
Mimi ndiye mshika daftari wa kikosi,
Thuwaiba wa Mabela, mchana karani wa bima,
usiku naandika nani aliingia vitani,
nani alilala, nani alisema "nakuja" asije.
Julai. Saa sita usiku, nyuzi thelathini na nane,
kiyoyozi kinakohoa kama mgonjwa
anayetaka kuonewa huruma.

Ngao ilidondoka Jumatano,
baada ya miezi mitano ya kulipiga jitu lile lile la chumvi
kwenye lango la ngome ile ile.
Tulishangilia dakika tatu.
Ya nne tukaanza kuulizana.

Muatasim, mwanafunzi wa Sohar, akataka saa zihesabiwe.
Yeye anazo elfu mbili na ushei;
chuo kimefunga, mama anamletea wali mezani,
anakula kwa mkono mmoja.
"Aliyekesha ndiye apewe," akasema,
nami nikawaza kwamba kukesha
si kitu kimoja kwa kila mtu.

Harub, ambaye bibi yake ni wa Wete,
hagombani ila kwa vina:

*Saa si sifa wenzangu, na jiwe nalo hukaa,*
*Halijapata mafungu, kwa kule kukaakaa,*
*Mimi kadi ni ya kwangu, nalipa bila hadaa,*
*Ngao nipeni ni yangu, msinitie fazaa.*

Ni kweli, amelipa. Dawa zote tulizokunywa vitani
zilitoka kwenye kadi yake.
Ni kweli pia kwamba vita vitatu vya mwisho
alikuwa Dubai, harusini.

Matusi yakaja, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu,
na kwa zile picha ndogo za nyuso zinazocheka zikilia.
Wanane wakajitoa.
Watatu wakarudi asubuhi kuchukua vitu vyao,
kimya, kama mtu aliyeachwa anayerudia sanduku lake.

Kahindi hakusema neno.
Kahindi wa Kaloleni, aliyekuwa mlinzi
wa ghala la samaki Barka, zamu ya saa kumi na mbili,
simu ina ufa unaoikata ramani yetu katikati.
Mfululizo wake wa siku: mia tatu na kumi na moja.
Kisha sifuri.
Siku ile walimpakia garini kumhamishia Duqm,
njia nzima ya jangwa mtandao haukushika,
na mchezo haujui jangwa.
Ulimwandikia: *Karibu, mgeni. Siku ya kwanza.*

Nikamuuliza faraghani: na wewe, wasemaje?
Vitone vitatu vikaruka, vikatulia, vikaruka tena.

"Dada, ovataimu sijalipwa tangu kabla ya Ramadhani.
Msimamizi anasema kukaa si kazi.
Nilitaka mahali pamoja tu
panaponihesabia."

Nikasoma mara mbili.
Nikarudi kwenye ubeti wa Harub, pale penye jiwe.
Kisha nikafungua daftari, mwezi wa tatu,
nikaona mwandiko wangu mwenyewe:
*K. hakuwapo.* Sikuuliza kwa nini.
Nafasi ya kuandika sababu ilikuwapo, tupu,
nimeipigia mstari vizuri kwa rula.

Tukapiga kura. Akaipata, kwa kura mbili.
Muatasim hasemi nami hadi leo.
Harub ametunga beti nyingine tano; sizinukuu.

Na Kahindi aliivaa usiku mmoja,
akapiga picha, akaituma Kaloleni.
Mwanawe akajibu: baba, umekuwa mfalme?
Siku hizi hachezi sana.
Mtu wake husimama langoni mwa ngome,
ngao mkononi, hapigani, haondoki,
taa ya kijani inawaka juu ya jina.
Labda amelala, simu ikiwa kifuani.
Labda yuko lindoni, kule kwingine.

Naandika: *yupo.*
Huko Duqm sijui
kama kuna anayeandika.