Nyuzi

Baba alihesabu nyuzi za joto,
mama alihesabu nyuzi za sufu.
Nyumba moja, Uyole, chemli moja:
daftari huku, sindano kule.

Julai ya mwaka niliozaliwa
daftari linasema nne, tatu, mbili,
sakitu juu ya viazi, bomba halitoi.
Mama alifuma sweta nane, zikaisha
kabla ya Nanenane.

Kisha wino unabadilika, mwandiko unatetemeka,
namba zinapanda kimyakimya
kama mchelewaji kanisani:
robo, mwaka wa pili hakuna,
halafu robo.
Nani apige yowe kwa ajili ya robo?

Juzi, Sido, nimeona mapangaboi
yamening'inizwa zilipokuwa sweta.
Na mbu ameniuma Ilomba, mwezi wa saba!
Nilimpiga, nikabaki nikimtazama kiganjani,
mgeni aliyekosea mlango.

Ukurasa wa mwisho baba aliuacha mtupu.
Nimeandika: leo alfajiri, kumi na moja.

Mama, Subilaga binti Mwakalinga, bado anafuma.
Mkono mmoja wa kijani
tangu mwaka jana haujafika kiwiko.
"Baridi ikirudi," anasema,
na uzi unalegea vidoleni.