Nyoya la Kuku Mweupe

Nimeshika mkononi, nyoya la kuku mweupe,
Nainama mabogani, chavua jike nilipe,
Nyevu yuko dirishani, acheka, apesa kope,
Kazi ya nyuki naweza, asali sitaiweza.

Waliishi Mikindani, riziki yao mikoko,
Shoka lilipita pwani, limebaki tope huko,
Makaa yake jikoni, nami ndiye mwenye jiko,
Kazi ya nyuki naweza, asali sitaiweza.

Leo kafika mmoja, mbawa zake zimechoka,
Juu ya nyoya kangoja, kidogo, kisha karuka,
Nyevu hakutoa hoja, bomba la dawa kaweka,
Tumekaa kwa pamoja, twahofu hata kucheka,
Kazi ya nyuki naweza, asali sitaiweza.