Zamu ya Adiru

Saa nane usiku, Arua imelala.
Adiru amepiga magoti kando ya lami,
chuma juu ya bomba, sikio juu ya chuma,
kama mkunga.

Hapa, kimya.
Pale mbele ya kinyozi, mnong'ono:
maji yanatoroka, yanaingia mchangani
bila bili.
Anachora duara la chokaa. Drandua atachimba kukicha.

Kisha vali ya mwisho, kule Oli.
Mizunguko kumi na minne;
wa tisa hukwama kila mwaka,
naye huutukana polepole, kwa Kilugbara,
mpaka ulegee.

Yanaruka mekundu kama tofali bichi.
Dirisha linafunguka:
"Jana tulilala na kiu, leo mnamwaga!"
Adiru hana jibu fupi.
Kutu ya miezi sita haielezeki kwa kupaza sauti.
Anakinga kiganja, anaonja, anatema.
Bado.
Rangi ya chai.
Bado.

Mlango unalia. Yule mama ameshuka,
kanga begani, jerikeni mbili.
Hasemi neno. Anasimama karibu na tochi,
anayatazama pamoja naye.

Daftarini: *Oli, dakika ishirini na sita. Wa tisa ungali unakwama.*
Jerikeni mbili hakuziandika.