Mchezo wa Nyumba

Saa nne, uji ukishanywewa,
ubavuni mwa tangi la maji, hapa Mtopanga,
watoto wangu wa chekechea husimamisha nyumba
kwa leso mbili na kiti cha miguu mitatu.
Hapo ndipo ninapoingia makwao bila hodi.

Leo Swabra ni mama. Apakua mchanga wa maji kwa kifuniko.
"Umeshiba, mwanangu? Ongeza kidogo."
Tsuma, ndiye mtoto, amkodolea macho
kama aliyesemezwa lugha ya ng'ambo.
Tonge lake laingia mfukoni upesi:
kwao ni saba na sufuria moja,
wa mwisho hukwangua ukoko.

Bwanaheri ni baba.
Hasemi. Akohoa tu mlangoni, kikohozi kimoja kikavu,
na nyumba nzima kimya,
isipokuwa Swabra, anayeendelea kucheka
kwa kuwa hajui kikohozi nacho huwa amri.
Babake namjua, kuli wa bandarini, zamu ya usiku.
Siku ya kulipa karo alivulia viatu mlangoni,
sauti laini kama ya mgonjwa.

Mbeyu hataki kuwa mtoto wala mama.
Ni bibi: ashika kiuno, "Yarabi, magoti haya!"
Ana miaka mitano.
Kisha aweka kigae sikioni, asikiliza sana.
"Mamangu yuko Uarabuni," awaambia wenzake,
"nyumba ile ina watoto wanne, anawaogesha yeye."

Wakabadilisha. Ikawa shule.
Mbeyu akawa mwalimu, nami nikasogea, nikitabasamu,
nikingoja aimbe herufi.
Akainua kidole. Akasonya.
Msonyo mrefu, wa kuvutwa hadi jego la mwisho.
"Mara ngapi nimesema?"

Uso ulinichoma.
Msonyo ule si wangu hata. Ni wa mama, Majengo,
alfajiri, karai la mahamri likitokota,
mimi na unga puani, nikiapa kimoyomoyo
kwamba nikipata watoto, wangu ama wa watu, mimi katu.
Wasema mwana hutazama kisogo cha nina.
Nami nilidhani nilifumba macho.

Kengele. Leso zikakunjwa.
Tsuma akabaki nyuma, akapekua mfuko wake,
akaniwekea kiganjani lile tonge,
limeshavunjika nusu.
"Ongeza kidogo, mwalimu," akasema,
akinichungulia usoni
aone kama ndivyo isemwavyo.