Kitambaa cha Buluu

Lifti imekufa tangu Jumatatu,
na mguu wangu ndani ya plasta umenuna
kama mgeni asiyepewa kiti.
Ngazi tisini na mbili hadi barabarani.
Nilizihesabu zamani, nikizishuka mbio
kukiwahi king'ora cha kiwanda.

Mjukuu wangu Ziemowit kaniachia kishikwambi
na agizo: "Bibi, usiguse hapa. Gusa hapa."
Nikagusa pale nilipokatazwa.
Pakafunguka makumbusho ya Uholanzi,
hapana foleni, hapana mlinzi wa kukohoa,
nami na gauni langu la kulalia,
supu ya viazi ikitokota jikoni.

Vyumba vingine nilivipita bila salamu:
majenerali, farasi, zabibu zisizooza.
Kisha mwanamke anaparua magamba ya samaki.
Mchoraji hajulikani. Mwaka ni wa kukisia.
Maelezo yasema: tazama nuru ya dirishani,
tazama samaki, ishara ya imani.
Nikatazama. Haya. Samaki ni samaki.

Lakini mezani!
Nikatanua vidole viwili,
kama anayepima upana wa shuka,
picha ikanijia hadi puani,
karibu kuliko mlinzi yeyote angeniruhusu.
Kitambaa cha buluu. Mtande, mshindio,
kila uzi umepewa unywele wake wa brashi.
Na pembeni, chini ya kisu,
mraba usiozidi ukucha:
pametililiwa.

Miaka thelathini na mmoja nilisimama
hapa hapa Lodz, mbele ya mashine,
nikisaka kasoro kwa ncha za vidole,
masikio yamezibwa na kishindo,
mshahara ukikatwa kwa kila uzi ulioruka.
Naujua mkono unaotililia ili yaishe.
Huu haukuwa huo.
Uzi wa kiraka umekolea kuliko kitambaa,
maana kitambaa kimefuliwa miaka, na uzi ni mpya.
Aliyechora haya hakubuni.
Aliketi kwenye meza hiyo, alikula hapo,
pengine alikitoboa mwenyewe, kwa kisu hicho hicho,
na mtu akanyamaza, akaenda kutafuta sindano.

Supu ikaungua.

Niliwaandikia. Ziemowit alitafsiri,
akafuta sentensi nilimowaita vipofu.
Siku kumi na moja, kimya.
Kisha barua ya Jildou fulani, mtunza picha:
amepanda ngazi ya mbao na taa mkononi,
ameona. Katika majalada yao yote
hakuna aliyewahi kuandika.
Aniuliza mshono huo unaitwaje.

Kiwandani hatukuupa jina.
Msimamizi alinyoosha kidole tu, akasema: "Rudisha."
Nimekaa na swali lake tangu asubuhi.
Lifti imepona, naisikia ikipanda na kushuka
na watu wenye safari zao.

Nimevua soksi ya mguu mzima.
Kidole gumba kilikuwa kikichungulia.
Nitaanza polepole, uzi mwekundu ili uonekane,
na Ziemowit akija apige picha,
karibu, karibu zaidi,
Jildou apate kuhesabu.