Mimba ya Mpira

Mama alibeba mimba miaka saba,
na mimba yenyewe ilinuka mabibo yaliyochacha.

Mpira wa ndani wa lori, umekatwa,
ncha zimekazwa kwa kamba ya katani,
umejazwa gongo, ukalazwa chini ya kanga,
ngozi kwa ngozi. Akipanda treni Muheza
ni baridi kama chura.
Akifika Pongwe umeshapata joto la mtu.

Sheria ilisema Mwafrika asipike, asiuze, asionje.
Wenye klabu kule Raskazone walikunywa yao barazani,
mchana kweupe, na barafu.

Bwana Singano alikuwa fundi saa, Barabara ya Kumi na Mbili.
Hakuonja hata tone. Mtu wa safu ya kwanza msikitini.
Dirishani kwake saa nne za ukutani,
hakuna hata moja iliyosema kweli.
Ya kwanza ikisimama, polisi wako Mabawa.
Ya pili ikisimama, wako stesheni.
Ya tatu ilikuwa ya hakimu: siku ipi ana hasira, siku ipi ana kiu.
Ya nne hakuna aliyeambiwa.
Kijana mmoja aliuliza.
Walimkuta machimbo ya chokaa, Amboni,
mfukoni ana saa mpya, inatembea.

Bomba la shaba lilitoka karakana ya reli,
madebe yalitoka stoo ya serikali yenyewe,
na kila mtu alijua kipande chake tu,
kama jino la gurudumu ndani ya saa:
linasukuma lenzake,
halijui ni saa ngapi.

Koplo Nyamhanga alikuwa na spoku ya baiskeli, ameinoa.
Alitembea behewa la daraja la tatu akisema, samahani mama,
samahani dada,
kisha anachoma.
Tumbo likivuja, miezi sita Maweni.
Tumbo likitoa damu, samahani mama.

Mimi nilikuja katikati ya kazi.
Mama alinificha chini ya mpira
mpaka hatukutosha wawili.
Jumatatu hiyo akapanda na mimi peke yangu.
Spoku ilipofika, hakupiga kelele,
aliushika mkono wa koplo akauweka hapa,
nami nikapiga teke.
Ndilo tendo langu la kwanza duniani: kumpiga askari.
Akairudisha spoku kwenye soksi, akapiga saluti.
Behewa zima likacheka.
Mama hakucheka. Mzigo haukufika,
na Singano alikuwa na saa zote za kuhesabu.

Arobaini ilipotimia nikaingia kazini,
mimi mgongoni, mpira mbele.
Wauza vitumbua wa stesheni wakasema,
huyu hata hapumziki, mumewe nani?

Kisha akaja mpishi mpya, mwenye haraka,
akachanganya na spiriti ya taa.
Kambi ya katani, Kange. Watatu walizikwa kabla ya adhuhuri.
Wa nne, Mgaya, Mbena aliyekuja na kandarasi ya manamba,
aliamka akauliza mbona hapajakucha.

Hakuna aliyeuliza gongo lile lilishuka kutoka tumbo la nani.
Singano alituma sanda tatu, na salamu.

Mama aliendelea kubeba. Tulikula nini?
Lakini kila Ijumaa alipitia Kange
na bakuli la ugali na dagaa limefunikwa,
akakaa mlangoni kwa Mgaya mpaka amalize.
Mgaya alimjua kwa hatua zake nzito.
Kambi nzima ilimjua hivyo, yule mama mjamzito wa treni.

Alikuwa analamba vidole, kimoja kimoja,
kisha anageuza uso mahali ambapo sauti ingetoka:
Dada, bado hujajifungua?

Na mama, mpira ukimwunguza tumbo,
mimi nimelala mgongoni, kidole mdomoni,
alijibu, bado.